Mjomba Aliyeuawa Kwenye Televisheni

Kila siku nikitoka shule navua sare, nakula kilichopo, halafu nakwenda kwa mjomba kufagia nywele. Watu wanadhani kufagia nywele ni kazi ya kitoto. Wajaribu! Nywele zinaruka, zinaingia kwenye soksi, zinajificha chini ya miguu ya kiti, na ukishamaliza tu mjomba anaita mteja mwingine, unaanza upya. Lakini kazi ile naipenda, maana habari zote za mtaa hupita kwa kinyozi, na mjomba wangu ni mtu wa mizaha. Mimi ananiita Bi Fagio.

Mjomba ni mdogo wake mama. Chumba chake cha kunyolea kimepakana na chumba ambacho mama anashonea nguo. Ukuta ni mmoja tu, kwa hiyo mama akisimamisha cherehani anasikia kila kitu. Ndani mna kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la kungojea, na kioo kikubwa kinachofunika ukuta karibu wote. Siku kioo kile kilipoletwa kwa mkokoteni, mjomba alitembea nyuma yake pole pole kama anamsindikiza bibi harusi. Ni mwembamba, mpole, hajawahi kumpiga hata paka. Shida yake ni nyusi. Ana nyusi nene zilizokutana katikati, na akikaa kimya tu unaweza kudhani anapanga ubaya.

Nyusi hizo ndizo zilizoleta balaa. Siku moja alikuja mgeni kunyoa ndevu, akawa anamtazama mjomba kwenye kioo badala ya kujitazama mwenyewe. Mjomba akamuuliza, "Vipi kaka, nimekukata?"

"Hujanikata," mgeni akasema. "Natazama nyusi zako. Nyusi hizo zina kesi."

Kumbe yule bwana alikuwa mwongozaji wa tamthilia ya *Mfagiaji*, ile ambayo mtaa mzima ulikuwa hauli wala hauendi popote siku ya Ijumaa jioni mpaka iishe. Hadithi yenyewe ni ya mtu anayefagia sakafu za mahakamani. Anasikiliza kesi huku anafagia. Mshitakiwa akiachiwa huru na yeye akaona haikuwa haki, basi anamfuata mtu huyo mpaka kwake na kumuua. Akishamuua anasimama juu yake na kusema, "Mahakama imelala. Mimi niko macho." Shuleni kwetu maneno hayo yalikuwa wimbo. Mtu akichukua kifutio cha mwenzake, tayari kuna watu wanamnyooshea kidole: mahakama imelala!

Mwongozaji alimpa mjomba nafasi ya mtekaji watoto. Ilikuwa sehemu moja tu, lakini mjomba aliipokea kana kwamba amepewa ufalme. Alifanya mazoezi pale pale dukani, mashine ya kunyolea mkononi. Wateja walimshikia karatasi, wakawa wanasoma maneno ya wengine. Tena nataka mlishike jambo hili vizuri, kwa sababu linaniuma mpaka leo: maneno ya hakimu yalikuwa yanasomwa na Kamanda.

Kamanda ni fundi baiskeli wa jirani. Hajawahi kuwa askari hata wa kulinda lango, ila anapenda kuamuru watu, ndiyo maana tukampa jina hilo. Alijifunga taulo kichwani, akakunja uso, akasema, "Ushahidi hautoshi, mshitakiwa yuko huru," na watu wakacheka mpaka wakavunjika mbavu. Kwa hiyo alijua. Wote walijua. Hakuna mtu hata mmoja mtaani kwetu anayeweza kusema alidhani yale ni mambo ya kweli.

Ijumaa ilipofika, mama aliweka televisheni dirishani ikatazama uani, majirani wakaja na viti vyao. Mjomba alikaa katikati na kikombe chake cha chai. Rafiki yangu Redio alikuja akimshika mkono Kifungo, mtoto mdogo wa nyumba ya tatu. Redio tunasoma darasa moja. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi, mchana unalisikia kwa mtu mwingine likiwa limenenepa. Kifungo yeye ni mdogo, hata shule hajaanza. Anaishi na bibi yake, na siku ile bibi alibaki nyumbani. Bibi hana habari na sinema za watu.

Mjomba alipotokea kwenye televisheni tulipiga vigelegele. Alikuwa amevaa koti jeusi. Nyusi zilikuwa kazini. Halafu akamwita mtoto mmoja karibu na geti la shule, akampa mdoli, akamshika mkono taratibu, wakaondoka. Mtoto alikuwa anamwangalia kwa kumwamini. Nilitazama nyuso za watu nikaona zimebadilika. Walimtazama mjomba wa kwenye kioo cha televisheni, halafu wakamtazama mjomba wa kwenye kigoda, halafu wakarudi kwenye televisheni.

Mwishoni hakimu akamwachia. Mfagiaji akamfuata mjomba mpaka juu ya jengo ambalo halijakamilika, akamsukuma. Mjomba akaanguka huku anapiga kelele.

Watu wakapiga makofi! Jamani, mjomba wangu amekaa pale pale na kikombe cha chai, na watu wanashangilia kifo chake. Mwenyewe alicheka, akainama kama waigizaji wanavyofanya. Mimi mikono ilikataa. Wiki zote nilikuwa napiga makofi Mfagiaji akiua, ila siku ile mikono ilikataa kabisa.

Kifungo alikuwa amejificha nyuma ya gauni la Redio, analia.

Mama mmoja jirani alipokuwa anabeba kiti chake kuondoka akasema, "Mimi siamini. Mtu hawezi kuigiza vile kama hana kitu moyoni."

"Ala!" mama yangu akamjibu. "Basi yule aliyeigiza daktari, kesho ukiumwa umwendee akutibu."

Watu wakacheka, tukaingia kulala. Nilidhani yameisha.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ya kinyozi. Kwa kawaida benchi linajaa, wengine wanasimama nje, mimi nafagia mpaka kiuno kinauma. Siku hiyo benchi lilikuwa tupu. Baba mmoja anayeleta wanawe wawili kila Jumamosi alifika karibu na mlango, akatuona, akajifanya amesahau kitu, akavuka barabara. Mtoto wake mmoja akanyoosha kidole: "Yule pale!" Baba akamvuta mkono wala hakumkanya.

"Mjomba, kwa nini hawaji?" nikauliza.

"Wanaona haya kuomba saini yangu," akasema. Akachukua brashi akaanza kuisafisha brashi ambayo haikuwa chafu. Alikuwa anatania, lakini macho yake yalikuwa barabarani.

Mimi damu ilianza kunichemka. Mtu amewanyoa watu wazima na watoto wa mtaa huu miaka yote. Kifungo mwenyewe nywele zake za kwanza zilinyolewa katika kiti kile. Amewahi kumfuata mgonjwa kitandani akamnyoa, ili asijisikie vibaya wageni wakija. Halafu amekaa kwenye televisheni jioni moja, basi, amekuwa mwingine!

Kabla ya saa sita mchana tukasikia miguu inakimbia. Bibi yake Kifungo aliingia dukani bila hata kubisha hodi, khanga imemwanguka begani.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

Mjomba akasimama. "Shikamoo bibi. Kifungo? Hajafika hapa leo."

"Nilikuwa namleta anyolewe. Pale kona nimesimama kumsalimia mtu, kutahamaki mkono umetoka mkononi mwangu. Nimemtafuta barabara yote. Watu wameniambia ameingia humu!"

"Bibi, hajaingia. Muulize huyu mpwa wangu, tuko wote tangu asubuhi."

"Kweli bibi," nikasema. "Hajaja mtu yeyote."

Bibi alitutazama mmoja mmoja. Nyuma yake mlangoni walikuwa wameanza kusimama watu, na mbele yao alikuwa Kamanda, spana mkononi.

"Anasema hajaingia," Kamanda akawageukia wenzake, "na kuna shahidi amemwona akiingia. Sasa hapo mwongo nani?"

"Shahidi gani?" nikauliza.

"Rafiki yako. Redio. Amemwona kwa macho yake mawili."

Mjomba akasema kwa upole, "Kamanda, ndugu yangu, ingia utafute. Chumba kimoja hiki. Tazama chini ya kiti, tazama nyuma ya pazia. Halafu twende wote tukamtafute mtoto, tusipoteze muda."

Hayo ni maneno ya mtu mwenye hatia? Lakini mtu aliyekwisha kuamua hana masikio. Kamanda aliingia, akavuta pazia likakatika, akamwaga kikapu cha mataulo, akafungua hata droo ya nyembe, kana kwamba mtoto anaweza kukaa kwenye droo. Hakupata kitu. Na unadhani alisema samahani? Alisema, "Amekwisha kumpitisha mlango wa nyuma."

"Chumba hiki hakina mlango wa nyuma!" nikapiga kelele. "Wewe mwenyewe unakuja kunyoa hapa kila wiki, umeona mlango wa nyuma wapi?"

"Mtoto usiingilie mambo ya watu wazima."

Watu wazima! Nje walikuwa wanazidi kujaa. Wengine hawakujua hata kuna nini, walikuwa wanaulizana, na aliyeuliza dakika hii, dakika inayofuata alikuwa anamweleza mwingine kwa uhakika. "Ni yule wa jana kwenye TV." "Ndiyo kawaida yake." Kawaida yake tangu lini? Tangu jana jioni!

Jiwe likapita juu ya kichwa changu, likampata mjomba kwenye paji la uso, likaendelea mpaka kwenye kioo. Kile kioo kikubwa kikafanya mlio nisiousahau, kikamwagika chote sakafuni. Damu ikamshuka mjomba kwenye nyusi. Kamanda akamshika ukosi wa shati na kumvuta nje.

"Mahakama imelala!" mtu mmoja akaita.

"Sisi tuko macho!" wakaitikia.

Waliitikia kwa pamoja, kama darasa linavyomwitikia mwalimu. Wengine walikuwa wanatabasamu. Nyuma huko nikasikia sauti ya mtu anauliza nani ana petroli, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawa watu wanamuua mjomba wangu kweli, sasa hivi, mchana, mbele ya duka lake.

Mama alitoka na futi ya kupimia ikiwa shingoni, simu sikioni. Alikuwa amekwisha kupiga polisi. Akapenya, akasimama mbele ya mjomba, akatanua mikono.

"Mkitaka kumgusa mnipitie mimi kwanza!" akasema. "Wewe, nguo yako ya harusi niliishona mimi. Na wewe, huyu ndiye aliyemnyoa baba yako alipokuwa hajiwezi. Njooni basi, anzeni na mimi!"

Wa mbele wakasitasita. Wa nyuma hawakusikia kitu, wakaendelea kusukuma. Mama alikuwa anayumba. Nikajua hawezi kuwazuia kwa muda mrefu, na polisi hawajafika.

Nikamtafuta Redio. Nilimkuta amejibana kwenye ukuta wa karakana ya baiskeli, amefunika mdomo kwa mikono miwili. Nikamshika bega.

"Umemwona Kifungo akiingia dukani?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hukumwona?"

"Nilimwona kona," akasema kwa sauti ndogo. "Alichomoa mkono kwa bibi, akakimbilia kichochoroni."

"Sasa kwa nini ukasema ameingia kwa mjomba?"

"Waliniuliza. Walinizunguka wote, wananitazama. Nilijua wanataka nimtaje nani." Akalia. "Nilidhani watakwenda kumuuliza tu."

Ningeweza kumzaba kofi. Kusema kweli mkono ulininyanyuka. Lakini kofi lisingemsaidia mjomba. Nikamwambia, "Nenda kawaambie."

"Siwezi. Watanipiga mimi."

"Redio, watamuua! Yule mjomba anayekunyoa bure kila shule zikifunguliwa! Twende!"

Nilimvuta mpaka kwenye benchi la kungojea, ambalo watu walikuwa wamelisukumia nje. Nikampandisha juu. Alipofungua mdomo hakuna aliyemsikia, sauti yake ikamezwa na kelele. Nikaingia dukani juu ya vioo, nikachukua beseni la bati la kuoshea mataulo na ufagio wangu, nikatoka nikaanza kulipiga lile beseni kwa mpini. Nililipiga kwa hasira zangu zote. Nililipiga mpaka likabonyea, na watu wakaanza kuziba masikio na kugeuka.

"Shahidi wenu anataka kusema!" nikapaza sauti. "Mlimsikiliza mwanzo, msikilizeni na sasa!"

Redio akawatazama kutoka juu ya benchi. "Nimedanganya," akasema. Halafu akasema tena kwa nguvu, sauti ikampasuka. "Nimedanganya! Sikumwona akiingia kwa kinyozi! Nilimwona kona tu, amekimbilia kichochoro kile cha kwenda kwao!"

Bibi akamgeukia.

"Kwetu?" akasema. "Kichochoro kile kinatokea uani kwangu."

"Bibi, nyumbani umetafuta?" mama akauliza.

Bibi akamtazama. Hakuwa ametafuta. Hakuna aliyetafuta! Mtaa mzima ulikuwa umemwaga mataulo na kufungua droo za nyembe, na hakuna mtu hata mmoja, hata yule mwenye spana, aliyefikiria kwenda kuchungulia nyumbani kwa mtoto mwenyewe.

Tulikimbia, mimi na Redio mbele, bibi nyuma yetu. Mlango wa uani ulikuwa wazi kidogo. Tuliita, hakuna jibu. Redio akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda cha bibi, nyuma ya masanduku. Kifungo alikuwa amelala pale, kidole mdomoni, amekumbatia kiatu cha bibi yake.

Tulimtoa. Alipofumbua macho na kutuona akaanza kulia. "Sitaki kunyolewa," akasema. "Yule mtu mbaya ataniiba."

Bibi akakaa chini sakafuni, akamkumbatia.

Tulirudi naye, nimembeba mgongoni. Nilitaka kila mtu amwone. Nikapita naye mbele ya wa mbele na mbele ya wa nyuma, nikamwambia arudie alichosema, na mtoto, kwa vile hajui kuficha, akarudia. Alimwogopa mjomba kwa sababu ya televisheni, akakimbia, akajificha. Basi. Hiyo ndiyo kesi yote.

Hapo sasa ndipo ungewaona. Mmoja akakumbuka ana chungu motoni. Mwingine akasema yeye alikuwa anapita tu. Kamanda akaachia ukosi wa shati, akaukung'uta kama vile anamtoa mjomba vumbi, akasema, "Haya, tumshukuru Mungu, mtoto amepatikana, mambo yameisha. Sisi tulikuwa tunalinda watoto."

"Hayajaisha," mama akasema. "Hakuna anayeondoka. Huyu hapa ni mtoto wa mtu pia. Mama yake na wangu ni mmoja. Nani alimlinda yeye?"

Polisi walifika na afande mwanamke aliyekuwa haongei sana. Akatazama paji la uso la mjomba, akatazama kioo, akauliza, "Jiwe amerusha nani?" Loo! Watu wote wale waliokuwa na mashahidi wa kila kitu, ghafla hakuna aliyeona. Waliangalia juu, waliangalia viatu vyao. Jiwe lilijirusha lenyewe.

Afande akasema, "Sawa. Basi tutaanza na aliyemshika shati." Akamchukua Kamanda na wengine wawili kituoni. Mjomba alikwenda kushonwa, akatoa maelezo yake. Kabla ya jioni hao watatu walikuwa wamekubali mbele ya afande kuleta kioo kingine na kusafisha duka kwa mikono yao, na kesi ya kumpiga ikabaki kituoni ingojee zamu yake. Mjomba alitaka kuifuta. Mama akakataa kata kata. "Mahakama haijalala," akasema. "Tutakwenda, tutakaa kwenye benchi, tutaitwa."

Redio hakuja shule Jumatatu. Jumanne alikuja, na tulipotoka akanifuata nyuma mpaka dukani. Mjomba alikuwa na plasta juu ya nyusi. Redio akasimama mlangoni.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Ingia, shika ufagio. Bi Fagio leo apumzike."

Akashika ufagio. Vipande vidogo vya kioo vilikuwa bado vinatokea kwenye nyufa za sakafu, na alivitoa kimoja kimoja.

Wateja walirudi kidogo kidogo. Jumamosi iliyofuata benchi lilikuwa na watu, akiwemo bibi na Kifungo. Kifungo alikuwa amemganda bibi yake kama kupe. Mbele yao kwenye zamu, hamtaamini, alikuwa Kamanda! Alikuwa amekuja na kioo kipya, akakipigilia ukutani mwenyewe, halafu akakaa kitini anyolewe ndevu kama kila wiki, bila neno la samahani. Macho makavu kabisa. Mimi nilitaka amwagiwe maji ya mataulo.

Mjomba alimfunga kitambaa shingoni, akampaka povu, akakunjua wembe. Akamwinua kidevu. Wote tuliona jambo lile lile kwenye kioo kipya: shingo ya Kamanda, na wembe, na juu yake nyusi za mjomba zenye kovu.

Jasho lilianza kumtoka Kamanda.

"Mbona unatetemeka?" mjomba akauliza. "Ukitetemeka nitakukata."

Kutoka kwenye benchi Kifungo akauliza kwa sauti nyembamba, "Mjomba, ulikufa kweli?"

Mjomba akasimamisha wembe, akacheka. "Kwenye televisheni? Nilikufa mara nyingi sana, bwana mdogo, mpaka mwongozaji akaridhika. Kule kuanguka ulikoona, chini palikuwa na godoro. Tena godoro lenyewe lina kunguni. Nikianguka tu, mwongozaji anasema 'kata!' Basi naamka, najipangusa, nakunywa chai, tunarudia."

Kifungo akafikiri. "Na yule Mfagiaji?"

"Yeye ndiye aliyekuwa ananimiminia chai."

Kifungo akacheka kwa mara ya kwanza. Mjomba akarudi kwenye shavu la Kamanda, akanyoa taratibu, lakini sasa alikuwa anasema nasi sote, na mzaha ulikuwa umemtoka.

"Mfagiaji hakosei hata siku moja, mmegundua? Kila anayemuua ni mkosaji kweli. Anajuaje? Ameandikiwa. Kuna mtu amekaa na kalamu akampa ukweli wote. Mimi na ninyi hakuna aliyetuandikia. Tunaona kipande tu. Ndiyo maana kuna kuuliza, kuna kutafuta, kuna kumsikiliza anayeshitakiwa, kuna hakimu anayechelewa mpaka watu wanachoka. Anachelewa kwa sababu akikosea hakuna kurudia. Jumamosi ile chini hapakuwa na godoro. Ningekufa mara moja tu, na Kifungo angeamka jioni chini ya kitanda anataka chakula."

Redio alikuwa ameinamia ufagio.

"Na wewe usiiname," mjomba akamwambia. "Uongo wako ulikuwa mdogo, ulikuwa wa neno moja, na ulitosha kuniua. Shika hilo mpaka uzeeke. Ukiulizwa, sema ulichokiona. Ulipoishia kuona, na mdomo uishie hapo hapo, hata watu elfu wawe wanakutazama. Lakini shika na hili pia: siku ile, ukimtoa dada yangu, mtaa mzima hakuna mtu mzima aliyesema 'kata'. Aliyesema ni wewe."

Redio akajifuta macho kwa mkono uliokuwa umejaa nywele, zikambakia usoni kama ndevu, na hakuna aliyecheka.

Mjomba alimaliza. Alimfuta Kamanda povu, akampaka spiriti, akafungua kitambaa. Hakumkata hata kidogo. Kamanda hakuinuka. Alikaa pale anajitazama kwenye kioo alichokileta mwenyewe, akapitisha mkono shingoni, na ule uso wa kuamuru watu ukamtoka wote.

"Ndugu yangu," akasema, "nilikuwa nikuue. Nisamehe."

"Toka kwenye kiti," mjomba akamwambia. "Zamu ya mwenzako."

Kifungo akamwachia bibi yake mkono, akavuka sakafu peke yake, akapanda kitini.